Mahusiano ya biashara Lubumbashi: anza na wanaouza kama wewe

Mjasiriamali mpya wa Lubumbashi mara nyingi huanza kwa kumtafuta mnunuzi wa kampuni kubwa ya madini. Mwezi wa Juni, Mining Week, yale maonyesho ya madini, ikifika, anagawa kadi hadi zinamwishia, kisha anangoja simu. Haipigwi. Bidhaa yake inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini mnunuzi hatoi komande (oda) kwa mtu asiyejua kama atafikisha mzigo, na siku hiyo amepokea kadi nyingi zenye maneno yale yale.

Sisi tunashauri uingie kwa pembeni: watafute kwanza wanaouza kama wewe. Muuzaji mwenye komande ya botine (viatu) za usalama jozi 400, na depo ina 250 tu, hatamwambia mteja kwamba ameishiwa. Atampigia mwenzake amkamilishie. Ukiwa wewe ndiye huyo mwenzake, mzigo wako umefika mgodini kabla hata jina lako halijajulikana huko. Basi pita kwenye madepo ya mjini, ya komini ya Kenya, ya komini ya Ruashi, useme hasa unauza nini, namba (saizi) gani, ngapi ziko tayari leo, na bei ya jumla ni ipi. Ukisema tu kwamba unafanya biashara, hakuna cha kukumbukwa. Ukisema una glovu za ngozi na hazipungui jozi 300 depo, siku ya shida watakutafuta.

Mteja wa mwenzako usimrukie. Ukimpelekea proforma, yaani karatasi ya bei, kwa siri, habari itamfikia mwenyewe upesi, maana wauzaji wa mji huu wanajuana, na hakuna atakayekuita tena.

Wengine wa kuwajua ni deklara wa duane (mawakala wa forodha) wanaofanya kazi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na watunza depo wa kampuni za sutretansi, yaani zinazopewa sehemu ya kazi na kampuni kubwa. Deklara anajua mizigo ya aina gani imekwama mpakani, mtunza depo anajua nini kinakaribia kuisha. Ofisi ya manunuzi hupata habari hizo baadaye.

Lakini hakuna anayeweza kukusaidia kama makaratasi hayako. RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, akaunti ya benki kwa jina la kampuni: viweke vyote katika PDF moja ndani ya simu. Sheria ya mwaka 2017 imetenga kazi za sutretansi kwa kampuni ambazo mtaji wake uko zaidi mikononi mwa Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya serikali ya sutretansi, ndiyo inayosimamia. Hiyo ni nafasi ya kweli kwa wenye kampuni ndogo, na inauma kuona wengi wakiikosa kwa karatasi moja. Rafiki aliye ndani anasema, "Leta dosie leo kabla ya saa kumi," nawe ndiyo kwanza unatafuta muhuri.

Baada ya kuonana na mtu, mwandikie ndani ya siku mbili, kwa maandishi, si kwa sauti ya dakika tatu. Mfano: "Jambo papa, ni mimi wa glovu, tulionana juzi pale depo. Ulisema unatafuta namba 10. Ziko jozi 120, bei iko hapa chini." Basi. Jina lake lihifadhi pamoja na mahali pa kazi na alichokuwa anatafuta.

Komande ya kwanza iombe ndogo. Wanunuzi wakubwa hulipa baada ya siku 30, 60, hata 90, na muuzaji aliyekopa ili apeleke mzigo mkubwa hujikuta hana pesa ya mzigo wa pili, anachelewa, na uhusiano unakufia hapo. Kwenye proforma andika kama TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% imo au haimo, siku za kufikisha, na bei inadumu hadi lini. Siku 15 zinatosha. Lori likikwama Kasumbalesa, piga simu kabla ya tarehe uliyoahidi. Mteja anaweza kupanga upya kazi yake akijua mapema.

Likelemba, kile kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, nayo inatazamwa: anayechelewesha mchango wa mwezi, nani atampa mzigo kwa mkopo? Kwenye kilio nenda, toa mchango wako, kaa na watu. Kadi ziache nyumbani.

Aliyekutambulisha kwa mteja mrudishie habari, hata kama kazi haikutoka, la sivyo hatakutambulisha tena. Kama anataka komisyo, mpatane kiasi kabla ya kutoa bei, na uiingize kwenye hesabu. Mfanyakazi wa mnunuzi akiomba madeso ya watoto, yaani hongo, hilo ni jambo lingine. Mwambie kwa heshima kwamba bei imefungwa, umpe kinachomsaidia kazini: kufikisha mapema, au kubadilisha bila malipo namba zisizofaa. Ukimlipa, siku akihamishwa, atakayeshika nafasi yake atapekua mafaili, na jina lako litafutwa pamoja na lake.