Yaliyopita ni ndwele

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ndugu yako alinusurika janga. Mwaka umepita, mwili umepona, lakini yeye si yule uliyemjua. Je, umsaidie kusahau?" Nilipofika kwenye hayo maneno mawili ya mwisho niliiweka simu chini, nikaenda kubandika maji ya chai, ndipo nikarudi kukaa niandike. Jibu langu ni la. Nimelipata kwa miaka kumi na sita, kwa hiyo mtanivumilia nikilieleza kwa kirefu.

Mimi nilisaidiwa kusahau, na walionisaidia walinipenda sana. Shangazi yangu, ambaye ndiye niliyekuwa nikikaa kwake Nairobi, alikuwa na methali moja aliyoirudia kila aliponibadilishia bendeji: "Yaliyopita si ndwele mwanangu, tugange yajayo." Ni methali nzuri kwa mke na mume waliogombana. Kwa mtu aliyetoka kwenye mlipuko haifai hata kidogo, kwa sababu kwake yeye yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 24, karani katika ofisi ya orofa ya tatu upande wa Haile Selassie Avenue, mwendo mfupi tu kutoka ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye pembe ya barabara hiyo na Moi Avenue. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, tulisikia kishindo cha kwanza. Hakikuwa kikubwa. Ungedhani tairi la lori limepasuka. Baadaye tuliambiwa ilikuwa guruneti, walinzi wa ubalozi walirushiwa walipokataa kufungua lango. Katika majengo yote ya pale watu walifanya jambo moja: waliinuka wakaenda dirishani kuchungulia.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimeinama chini ya meza kutafuta kifuniko cha chupa ya chai kilichoniponyoka kikabingirika. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa karibu na dirisha. Bila kuinua kichwa nikamwambia, "Hebu tutazamie kuna nini huko."

Kisha kikaja kishindo cha pili.

Watu huniuliza mlio ulikuwaje, na mimi mlio siukumbuki. Nakumbuka hewa ilivyonikandamiza kana kwamba mtu amenikalia kifuani, kisha vumbi jeupe, kisha kitu cha moto mgongoni. Nilidhani navuja damu. Ilikuwa chai. Na yale maji meusi niliyoyakanyaga nikitambaa kuelekea mlangoni, nikidhani ndiyo chai, hayakuwa chai.

Watu 213 walikufa Nairobi siku ile na maelfu wakajeruhiwa, wengi usoni na machoni kwa sababu ya vioo vya madirisha yale waliyokwenda kuchungulia. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka lote. Dar es Salaam nako, katika dakika zile zile, ubalozi wa Marekani ulilipuliwa na watu 11 wakafa. Siku zilizofuata nchi nzima ilisikiliza habari za Rose Wanjiku, mama aliyekuwa akizungumza na waokoaji kutoka chini ya kifusi, hadi sauti yake ikakatika kabla hawajamfikia. Kwetu hatukuzisikia hadi mwisho. Shangazi aliizima redio, akaifungia kabatini, ili mimi nisiumie.

Mwenzangu wa meza ya pili hakufa. Alipoteza macho yote mawili.

Sasa nieleze jinsi mtu anavyoonekana "amepona" na kumbe hajapona, maana hapo ndipo familia nyingi hukosea. Nilirudi kazini baada ya wiki sita, nikaacha baada ya miezi minne, nikarejea kwetu Mombasa. Nilikuwa nakula, nasali, nahudhuria harusi. Lakini kwenye harusi nilikaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, mahali nilipoweza kuuona mlango. Fataki zilinitoa mbio. Kioo cha dirisha kilichopigwa na jua la asubuhi kilinifanya nitapike. Usiku nilishtuka nikiwa nimelowa jasho, mkono uko chini ya kitanda unapapasa, unatafuta kitu. Mama alisema ni jinamizi. Nilisomewa kisomo, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, na sitasema hayakunisaidia, kwa sababu usiku ule wa kisomo, nikiwa nimezungukwa na wanawake wa nyumbani kwetu waliokuwa wamenishika mabega, nililala hadi alfajiri. Zahanati moja ilinipa vidonge vya usingizi na kuendelea kunipa kwa miezi mingi bila mtu yeyote kuniuliza ninaota nini. Vidonge vilinilaza. Ndoto haikwenda popote.

Mwaka 2000 hivi nilikuwa naoga, nikahisi kitu chakwaruza begani. Kilikuwa ni kipande cha kioo, kidogo kama punje ya mchele. Mwili ulikuwa umekisukuma taratibu kwa miaka miwili hadi ukakitoa. Nilikishika kwenye kiganja nikalia sana, na sikumwonyesha mtu.

Wazee wetu wakisema fulani "ameshikwa na kiwewe" walimaanisha taharuki inayopita: umekutana na nyoka njiani, umeduwaa, baadaye unacheka. Siku hizi madaktari wanalitumia neno hilo hilo kwa jeraha la nafsi lisilopita. Hali hii ya msongo baada ya kiwewe iliingizwa rasmi katika kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya askari wengi kurudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa hai na wasiweze kuishi. Tukio humrudia mtu kama linatokea sasa hivi. Hukwepa kila kinachomkumbusha. Mwili wake hauachi kukaa macho. Hujilaumu, hujitenga, hukosa raha hata kwa watoto wake. Yakiendelea zaidi ya mwezi na kumvurugia maisha, hiyo ni maradhi kama maradhi mengine, na yana tiba. Niongeze hapa, kwa sababu ni habari njema na haisemwi: wengi wanaopatwa na majanga hupoa wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Nasi tuliobaki na maradhi hatukubaki nayo kwa udhaifu wa imani, kama nilivyoambiwa.

Kuna utafiti mmoja juu ya mlipuko wetu ambao nausoma tena na tena. Uliongozwa na daktari wa akili Frank Njenga na kuchapishwa mwaka 2004. Wakenya 2,883 walijaza maswali kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya tukio, na asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia maradhi haya. Watafiti wakatazama ni mambo gani yaliyoambatana na dalili hizo. Mengi ungeyakisia: kuuona mlipuko wenyewe, kujeruhiwa, kufiwa, kubanwa na fedha. Katikati ya orodha hiyo lipo jambo moja dogo ambalo lilinifanya nikae chini siku nilipolisoma. Kutomweleza rafiki.

Mimi sikuwa nimemweleza mtu. Namaanisha lile neno: "Hebu tutazamie kuna nini huko." Kila mtu alijua nilikuwa kwenye mlipuko, hakuna aliyejua kwamba mimi ndiye niliyempeleka mwenzangu dirishani. Na kila waliponiambia sahau, mimi nilisikia: nyamaza, hata sisi tungekulaumu.

Tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi, washambuliaji waliingia Westgate, jengo la maduka kule Nairobi, wakaua watu. Nilikuwa na mume sasa, na watoto wawili. Nilitazama runinga siku nne, na siku ya tano mtoto wangu wa kwanza aliangusha glasi jikoni, nami nikajikuta chini ya meza. Mtoto aliinama akanitazama. Macho yake siwezi kuyaeleza. Mume wangu alinivuta taratibu, hakusema sahau. Alisema, "Mimi sijui lililokupata. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza." Mwaka uliofuata alinipeleka kwa mshauri nasaha, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi.

Mama huyu hakunilaza kwenye kochi wala hakuniuliza habari za utoto wangu kwa mafumbo. Alitoa kamba ya katani, akaitandaza sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwangu. Akanipa kikapu cha mawe na maua, akaniambia niweke jiwe kila palipokuwa na jambo zito na ua kila palipokuwa na jambo jema. Mara ya pili nilikwenda na asumini zangu mwenyewe, maana yale yalikuwa maua ya plastiki. Mwisho wa kamba aliuacha umejiviringa. "Hapo hatujafika," akasema. Nilikuwa na maua mengi kuliko nilivyodhani, na jiwe moja kubwa ambalo sikutaka kulishika.

Kisha tukaenda jiwe kwa jiwe, kwa mfuatano. Tulipofika kwenye lile kubwa hakuniruhusu kukimbia. Ulikuwa umevaa nini? Mkono wa kulia ulikuwa wapi? Harufu gani? Wakati ule uliwaza nini, na sasa hivi hapa kwenye kiti unahisi nini mwilini? Moyo ukinienda mbio alisubiri, akanikumbusha mwaka na mahali tulipo, tukaendelea. Hatukukatisha katikati, tulikwenda hadi mahali ambapo mimi niko nje, barabarani, hai. Aliyaandika yote, na kila kikao kipya alianza kwa kunisomea ya nyuma. Mara ya kwanza kunisomea nililia. Mara ya nne nilimsahihisha tarehe.

Alinieleza kwamba mtu mwenye kiwewe ana vipande vya kumbukumbu visivyo na saa wala mahali, ndiyo sababu vinamvamia kana kwamba ni leo. Kusimulia kwa utulivu na kwa mfuatano, kwa mtu anayejua kazi yake, kunavirudisha kwenye siku yao. Njia hii ilijaribiwa huku huku kwetu: katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi 43 wa Sudan waligawanywa makundi matatu. Waliosimulia maisha yao hivyo, vikao vinne tu, mwaka mmoja baadaye ni asilimia 29 waliokuwa bado na maradhi. Katika makundi mengine mawili, yaliyopewa ushauri wa kawaida au maelezo juu ya maradhi, walikuwa karibu asilimia 80. Na baadaye kule Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwa washauri wa wenzao, wakaweza. Hili lanipa moyo, maana madaktari wa akili tulio nao ni wachache mno.

Sasa msije mkamkalisha ndugu yenu leo usiku mkamkamua habari. Hilo nalo ni kosa. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, maji, blanketi, kujua watu wake wako wapi, na mtu wa kukaa naye akisema au asiposema. Shirika la Afya Duniani halishauri kumlazimisha mtu asimulie kila kitu mara tu baada ya janga, wala kumpa mtu mzima dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu katika mwezi wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Lakini ndugu yenu ana mwaka. Mtafutieni anayejua kazi, mwende naye, mkae nje mkimsubiri. Nyumbani, akianza kusema, msikimbilie kumnyamazisha kwa dua au methali. Muulizeni, "Ikawaje?" Kisha ngojeni, hata kama chai inapoa. Na akisema hataki kuishi, msimwache peke yake usiku huo, mpelekeni hospitali.

Bado sikai karibu na kioo. Mchana pazia la sebuleni liko chini, wageni wameshazoea. Lakini mkono wangu haupapasi tena chini ya kitanda.

Tulipomaliza vikao mshauri alinipa kurasa zile, tisa, zikiwa na sahihi yangu na yake. Nilikaa nazo miezi miwili. Kisha nikapanda basi nikamfuata mwenzangu wa meza ya pili, ambaye nilikuwa sijamwona tangu wodini. Hawezi kusoma kurasa, kwa hiyo nilimsomea, tumekaa ubavu kwa ubavu kwenye benchi uani kwake, kuku wakipita miguuni. Nilipofika kwenye lile neno sauti ilinikwama. Nikalisoma. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu.

"Sikukusikia," akasema. "Ule mlio wa kwanza ulikuwa umeshanitoa kitini."

Hakuongeza neno. Nilisoma hadi mwisho, nikakunja karatasi. Akanyoosha mkono akanitafuta goti.

"Na kile kifuniko," akaniuliza, "ulikipata?"