Ukitaka MusicBee ikutii, anza na diski

Katikati ya harusi moja niliyokuwa napiga muziki hapa Arua, Uganda, mzee alinijia mezani akitaka rumba ya zamani aliyonitumia mwenyewe kwa WhatsApp wiki iliyotangulia. "Mwanangu, si nilikutumia?" Alinitumia kweli. Lakini kwenye laptopu yangu wimbo ule uliitwa AUD-20230514-WA0007, na juu na chini yake walijipanga ndugu zake kama mia tatu wa majina ya namna hiyo hiyo. Nikajifanya nahangaika na waya wa spika mpaka mzee akachoka kusimama, akarudi kuketi.

Jumatatu nikapakua MusicBee. Ni programu ya Windows ya kupanga na kucheza nyimbo, ya bure, na faili lake ni dogo, halimalizi bando. Kuisakinisha ni kubonyeza tu, sina la kukufundisha hapo. Laptopu yangu ya ramu GB 4 haijawahi kulalamika.

Kilichonitesa ni diski. Nyimbo zangu nazihifadhi kwenye diski ya nje. Siku ya kwanza Windows iliipa herufi E, MusicBee ikasoma kila kitu, nikalala kwa furaha. Ijumaa nikatangulia kuchomeka flashi ya bwana harusi. Flashi ikachukua E, diski ikasukumwa ikawa F. Nafungua programu, majina yote yapo, lakini kila ninalobonyeza naambiwa faili halipo. Nikaamini diski imekufa. Nikafuta maktaba nzima, yaani orodha ya nyimbo ndani ya programu, nikaanza upya, usiku kucha, na diski ilikuwa nzima kabisa!

Programu hizi haziuhifadhi wimbo, zinahifadhi anwani yake tu, na herufi ya diski ni sehemu ya anwani. Kwa hiyo, kabla hujairuhusu isome hata wimbo mmoja, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management, bofya kulia diski yako, kisha uibadilishie herufi. Ipe ya mbali ambayo flashi za watu hazitaigombania. Mimi niliipa M, ya muziki.

Halafu kuna tagi. MusicBee haipangi nyimbo kwa jina la faili, inapanga kwa maandishi yaliyomo ndani ya wimbo wenyewe: msanii, albamu, mwaka. Nyimbo za kupakua bure huja na matangazo humo. Kwangu, msanii aliyeongoza kwa wingi wa nyimbo alikuwa tovuti. Na msanii mmoja akiandikwa kwa tahajia tatu, wewe utakuwa na wasanii watatu. Uzuri ni kwamba unaweza kuchagua nyimbo mia kwa pamoja ukasahihisha msanii au albamu mara moja tu.

Programu inaweza pia kutafuta tagi kwenye intaneti. Albamu za Wakongo wenye majina makubwa ilinijazia vizuri, ila kadongo kamu zangu, nyimbo za gitaa za hapa Uganda, ikazibandika picha za majalada ya watu nisiowajua kabisa. Sasa naikagua wimbo kwa wimbo kabla ya kukubali. Na kile kipengele cha kuhamisha na kubadilisha majina ya faili usikiguse mpaka tagi zitulie, la sivyo itakutengenezea folda yenye jina la tovuti na kukumwagia nusu ya nyimbo humo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni Inbox, sehemu ya MusicBee ambako nyimbo mpya husubiri kabla ya kuingia maktaba. Nyimbo za WhatsApp nikizitoa kwenye simu naziweka folda moja niliyoielekeza huko. Jumapili jioni nakaa, nasikiliza, naandika jina, ndipo nazipeleka maktaba. Wimbo usio na jina hauvuki.

Ule wa mzee niliupata Jumapili ya tatu. Jina la msanii silijui mpaka leo, kwa hiyo kwenye nafasi ya maoni nimeandika "mzee wa harusi". Nikiandika "mzee" kwenye kisanduku cha kutafutia, unatokea wa kwanza.