Jezi ya Nakata: angalia msimu kabla ya bei

Hidetoshi Nakata, mwanasoka wa Japani, alitundika daluga Julai 2006 akiwa na miaka 29 tu, na mpaka leo jezi zake zinagombewa na Wajapani, mashabiki wa Roma na wakusanyaji wa jezi za zamani za Serie A, ligi kuu ya Italia. Soko likiwa hivyo, feki hazikosi. Kabla ya kuuliza bei, linganisha klabu, msimu na kampuni iliyotengeneza. Wauzaji wengi wa ujanja ujanja huumbuka hapo.

Roma ndiyo inayowaponza wengi. Nakata alitua Januari 2000 klabu ikivaa Diadora, kisha msimu wa 2000-01 ikahamia Kappa. Inayosakwa ni ya Kappa, namba 8, kwa sababu ya tarehe 6 Mei 2001. Juventus wanaongoza 2-0 pale Turin, Nakata anaingia badala ya Totti, anafumua shuti la mbali, wavuni. Dakika za mwisho anapiga jingine, kipa Van der Sar analitema, Montella anamalizia: 2-2. Mwezi uliofuata Roma wakatwaa ubingwa. Lakini ile ngao ndogo ya bingwa wa Italia huwekwa kifuani msimu unaofuata, na msimu huo Nakata alishahamia Parma, anavaa 10. Jezi ya Roma yenye ngao hiyo na jina lake mgongoni imebandikwa jina na mtu baadaye. Hata kama jezi yenyewe ni halisi, ilipie bei ya jezi isiyo na jina.

Japani nako kuna mtego: Kombe la Dunia 1998 ni Asics, namba 8, 2002 na 2006 ni Adidas, namba 7. Jezi ya Perugia, klabu yake nyingine ya Italia, ya 1998-99 ni Galex, namba 7. Kwangu hiyo ndiyo tamu kuliko zote, maana mechi yake ya kwanza Serie A aliwafunga Juventus mabao mawili, ingawa Perugia walilala 4-3.

Omba picha ya karibu ya maandishi ya mgongoni. Chapa ya zamani huchakaa pamoja na kitambaa. Ukikuta kitambaa kimepauka na kimetoka vinyuzi huku namba inang'aa, uliza namba iliwekwa lini. Omba pia picha ya lebo ya ndani.

Saizi usiamini herufi. L ya Japani hukaribia M ya Ulaya, na Kappa ya 2000-01 hubana mwili makusudi. Taka kipimo cha kwapa hadi kwapa kwa sentimita, ulinganishe na jezi unayovaa sasa.

Ikifika, igeuze ndani nje, fua kwa mkono kwa maji baridi, anika kivulini. Pasi isiguse namba: chapa ya umri huo ikipata joto hunata, na ukiivuta hubanduka vipande.