Muulize Mzee wa Stesheni: Treni inakatiza kwao, mbona haisimami?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Stesheni. Mie msomaji wako wa siku nyingi hapa Mikanjuni, Tanga. Nina mtoto wa shangazi yuko Kanada, anakaa Delson anafanya kazi Montréal mjini, kila asubuhi anapanda treni ya exo, shirika la treni za abiria za huko, laini ya Candiac. Anasema ikishatoka Sainte-Catherine inaingia Kahnawake, kwa wenyeji wa asili Wamohawk, inakatiza ardhi yao haisimami, inapanda daraja la mto inaenda kusimama LaSalle. Kazini kwao kuna jamaa wa hapohapo Kahnawake ambaye huja kwa gari na foleni ya daraja la Mercier inamtoa roho wakati treni anaisikia ikipiga honi karibu na kwao. Sasa ndugu yangu anataka awaandikie exo wawawekee kituo, kaniomba nimpangie hoja kwa vile mtaani mie ndo mwandishi wa barua, hata ile ya kuomba kivuko cha watoto wa shule niliandika mie. Tuanzie wapi mzee, na hilo jambo linawezekana kweli?
Kijana wa Mikanjuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeikata kidogo, utanisamehe, ukurasa wenyewe mmoja.

Kuwezekana yawezekana, ila nyie mmebisha hodi nyumba siyo. Exo siyo wa kwanza kuandikiwa. Wa kwanza ni Baraza la Mohawk la Kahnawà:ke, ndo serikali yao ya kuchaguliwa, na pembeni kuna wazee wa nyumba ndefu, yaani uongozi wao wa jadi, ambao nao wana sauti yao na si lazima ifanane na ya baraza. Wewe umeniambia jamaa mmoja kachoshwa na foleni. Sawa, pole yake. Lakini watu wake wamekaa wakasema wanataka kituo? Hilo barua yako haina, na bila hilo hiyo nyingine yote ni hadithi tu. Mtu wa Delson akiwaombea kituo watu ambao hawakumtuma, hata awe na moyo mweupe vipi, pale watamtazama tu.

Na wana sababu ya kumtazama. Hebu angalia vitu vilivyopitishwa kwao. Miaka ya 1880 kampuni ya Canadian Pacific ilileta reli ikajenga daraja la kuvuka Mto Saint Lawrence, vijana wa Kahnawake wakapata vibarua pale, wakaonekana hawana woga wa kupanda juu, basi ndo ukawa mwanzo wa sifa yao ya kufunga vyuma vya madaraja na maghorofa mpaka New York huko, jengo la Empire State nalo wamo. Sifa hiyo wameilipia lakini. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilianguka likiwa bado linajengwa, wakafa watu 75 na kati yao 33 walikuwa wa Kahnawake, yaani jamii moja inaletewa misiba 33 siku moja. Alafu 1934 likafunguliwa daraja la Mercier la magari, mguu wake mmoja uko kwao. Alafu miaka ya 1950 serikali ikataka njia ya meli kubwa za baharini zipande mpaka maziwa ya ndani, ikachukua ardhi yao ya ukingoni ikachimba mfereji, kazi ikaisha 1959, na watu waliozoea kuishi na mto wao wakajikuta mbele yao wanaangalia mfereji wa meli za watu. Mtu wa Sahare jaribu kufikiria unaamka bahari imewekewa ukuta unaambiwa ni kwa faida ya taifa.

Kote huko waliokaa mezani ni wengine. Ndo maana nakwambia kituo kikianzia kwenye barua ya mtu wa nje kitapokelewa kama hivo vyote vilivyotangulia, ingawa safari hii kitu chenyewe ni kizuri. Muache huyo jamaa wa kazini apeleke wazo barazani kwao mwenyewe, ndugu yako amsindikize kwa nyuma, amtafutie ratiba, amtafutie nauli, hesabu hesabu hizo. Hiyo ni kazi kubwa tosha.

Haya tuseme baraza limekubali, sasa ndo mnaingia kwenye vyuma, na hapa watu wengi hukwama maana hawajui nani mwenye nini. Exo ni mwendeshaji, chombo kilianzishwa 2017. Mipango na hela za usafiri wa umma eneo zima la Montréal ziko kwa ARTM, nayo ya 2017 hiyohiyo. Na reli yenyewe si ya hao wote wawili, ni ya kampuni ya mizigo, ile Canadian Pacific ya zamani ambayo 2023 iliungana na Kansas City Southern ikaitwa CPKC. Kwa hiyo mwenye treni akikubali na mwenye hela akikubali bado mwenye reli anaweza kusema mimi nina mabehewa yangu ya kontena, simtaki mtu asimame hapo. Ukiandika barua moja kwa exo peke yake wataijibu kwa adabu kabisa na hutasikia kitu tena.

Injinia yeye atauliza kwanza kituo kikae wapi, nalo si swali dogo. Treni ikitoka ardhi ya Kahnawake kwenda mjini inapanda daraja refu, na juu ya ule mfereji wa meli kuna vipande vya daraja vinavyonyanyuliwa ili meli ipite, kwa hiyo reli inapolikaribia daraja inakuwa juu. Upande uleule kuna makutano ya reli yanaitwa Adirondack, njia inagawanyika hapo. Jukwaa la abiria linataka reli iliyonyooka na tambarare, na kwenye makutano hupachiki jukwaa ovyo maana treni ya mizigo ikisubiri njia italiziba lote. Kwa hiyo msiandike "wekeni kituo Kahnawake" mkaishia hapo. Jamaa wa kule watembee, waangalie sehemu mbili tatu zenye barabara inayofika, ambapo mama mwenye mtoto anaweza kutembea wakati wa theluji bila kuvunjika mguu, waziseme kwa majina wanayoziita wao.

Jingine ni dakika. Treni kupunguza mwendo, kusimama, kufungua milango, kuondoka tena mpaka irudie kasi yake, hapo weka kama dakika mbili. Utasema dakika mbili nini bwana, Tanga hapa bajaji inakusubirisha zaidi ya hizo ikitafuta abiria wa tatu. Ila treni ya asubuhi imebanwa kwenye nafasi yake kati ya treni za mizigo, na abiria wa Candiac akiona ratiba imesogea atapiga kelele kwa diwani wake. Msilifiche hili, litajeni wenyewe kabla hawajalitaja wao.

Alafu maegesho. Hili mie naona ndo lenye moto na watu hawalisemi. Jirani na Kahnawake kuna mji wa Châteauguay ambao laini hiyo haifiki kabisa. Mkiweka kituo chenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari, mwaka wa kwanza tu utajaa magari ya Châteauguay na wenyeji watabaki na lami na moshi juu ya ardhi yao, kituo ni chao kwa jina. Baraza linaweza kusema hatutaki maegesho, tunataka kituo cha mguu na basi dogo la kuzunguka majumbani. Au wakasema tunataka maegesho lakini tunakusanya ada sisi. Wanajua wenyewe, ila liamuliwe kabla ya mchoro, siyo mkandarasi ameshamwaga kifusi.

Ukitaka mfano wa mahali ilipofanyika nenda New Mexico kule Marekani. Treni ya Rail Runner ilianza 2006, ikafika Santa Fe 2008, inapita kwenye ardhi ya jamii kadhaa za Wapueblo. Isleta wana kituo. Kewa, wale waliokuwa wanaitwa Santo Domingo, mafundi wa vito vya feruzi, treni iliwapita miaka kadhaa mpaka walipofunguliwa kituo chao 2014. San Felipe hapohapo katikati inapita haisimami. Unaona, njia moja, treni moja, na kila jamii ina mambo yake, hakuna fomu moja ya wenyeji wote. Na jambo lililonifurahisha zaidi, abiria wanaombwa wasipige picha treni ikiwa kwenye ardhi za hao Wapueblo. Hilo nalo Kahnawake wanaweza kuliweka mezani wakitaka, maana treni ikisimama watalii nao watashuka na simu zao.

Kwa hiyo barua yenyewe ikija kuandikwa iwe fupi na itoke kwa baraza, nakala kwa ARTM, exo na CPKC kwa pamoja ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake. Ndani waseme wangapi wanaenda mjini kila siku na saa ngapi, waliohesabiwa nyumba kwa nyumba siyo wa kukisia, wanafunzi wangapi, wazee wa kliniki wangapi. Kituo wanachopendekeza kiko wapi. Wanaomba majaribio ya treni zipi, maana kuomba mbili za asubuhi na mbili za jioni zisimame kwenye jukwaa fupi la muda ni rahisi kukubaliwa kuliko kudai stesheni yenye paa na choo siku ya kwanza. Historia iwekwe aya moja tu, si kwamba haina uzito, ila yule ofisa wa ratiba hana cha kufanya na 1907, anataka namba.

SWALI: Mzee habari za kazi. Nyie mnahangaika na Kanada, sisi wa Pongwe je? Reli iko hapa mbuzi wanalala juu yake. Kwani hatuwezi kupata treni ya kwenda Tanga mjini asubuhi tukaachana na kubanana kwenye daladala?
Mama wa Pongwe

JIBU: Nzuri mama, umenishika pabaya. Reli ya kwanza nchi hii ilianzia hapahapa Tanga 1893, Dar walikuja kuanza ya kati 1905, alafu leo sisi ndo tuko mkiani. Ile treni ya abiria ya Dar iliyorudishwa Moshi Desemba 2019 na Arusha 2020 haiingii kwetu, inatokea Ruvu inakuja kuunga reli yetu Mnyusi kwa kile kipande cha 1963, inashika Korogwe inaenda zake kaskazini. Muheza, Pongwe na sisi wa mjini tunaisikia redioni.

Treni ya mjini si ndoto lakini. Dar ilianza Oktoba 2012, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wakatumia reli ileile ya zamani, moja kutoka stesheni kwenda Ubungo na ya TAZARA kwenda Mwakanga. Hawakusubiri reli mpya. Ugumu wa kwetu ni abiria, je asubuhi Pongwe na Muheza zinatoa watu wa kujaza mabehewa kila siku au siku za gulio tu? Anzeni na mwenyekiti wa mtaa, iende kamati ya maendeleo ya kata, diwani aipeleke jiji. Na msiwaache Muheza, ile ni halmashauri nyingine, wakiandika na wao, shirika la reli TRC litapokea barua mbili zinazosema kitu kimoja. LATRA wapeni nakala kwa sababu nauli na leseni ni mambo yao. Na mbuzi muwatoe kwanza mama, akija mkaguzi akaona banda juu ya reli atajua hakuna mwenye shida ya treni.

SWALI: Mzee unawatetea sana hao Wamohawk wa Kahnawake, mbona 2020 walifunga reli? Mtu unafunga reli alafu unaomba kituo?
Dereva, Barabara ya 20 Ngamiani

JIBU: Kweli walifunga, Februari 2020 mpaka mwanzoni mwa Machi, na laini hiyohiyo ya Candiac ikasimama abiria wakapandishwa mabasi. Haikuwa kwa ajili ya kituo. Walikuwa wanawaunga mkono Wawet'suwet'en wa upande wa magharibi kabisa wa Kanada, ambao machifu wao wa jadi walikuwa wanapinga bomba la gesi kupita kwao. Wewe dereva umeshawahi kugoma, usijifanye hujui watu hufika vipi huko.

Lakini kwa kijana wa Mikanjuni ni swali la maana, kwa hiyo namjibu yeye kupitia kwako. Kwenye barua ya kituo jambo hilo lisitajwe, si kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Likitajwa litasomeka kama kitisho na wanasheria wa kampuni ya reli ndo watakuwa wa kwanza kujibu badala ya watu wa ratiba. Wote watakaoisoma hiyo barua wanaikumbuka ile Februari vizuri tu.