Gayogayo wa Chwaka kwa kayaki: toa hiyo nanga

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Unasema umekwenda ghuba ya Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, mara nne na kayaki yako, ukatia nanga katikati ya ghuba maji yakiwa yamejaa, ukarudi na changu wadogo tu, ilhali wenye mitumbwi wanashusha gayogayo, wale samaki bapa, dikoni wanapopaki vyombo. Mimi navua pale tangu niko skuli, na kayaki ninayo mwaka wa tatu sasa. Kinachokukosesha ni nanga.

Gayogayo hatembei kutafuta chakula kama changu. Hujifukia mchangani yakabaki macho, akangoja kamba (yule wa kuliwa) au dagaa ampitie. Yeye katulia, na wewe umetulia; mtakutana wapi? Lazima chambo ndicho kitembee. Akiwa mchanga kabisa huyu samaki ana jicho kila upande, kisha jicho moja huhama likavuka kichwa, ndipo akalala ubavu umri wake wote. Macho yote mawili yanatazama juu. Chambo kinachoburuzika taratibu juu ya mchanga mtupu atakiona, kilichojificha ndani ya majani ya baharini hakioni.

Kwa hiyo tafuta pale majani yanapokwisha na mchanga unapoanza, kwenye kingo za mikondo inayotoka upande wa mikoko. Maji yakipwa, kamba na vidagaa vyote hutolewa huko ndani vikapita kwenye mikondo hiyo. Gayogayo anajua, anakuja kulala ukingoni. Saa mbili za mwisho za maji kupwa ndizo zangu. Yakijaa, chakula kimetawanyika ghuba nzima na yeye vilevile.

Siku nazo zina hesabu yake. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, usiende na kayaki: maji yanakimbia mno, yanachafuka, na ghuba inakauka ukabaki unaburuza chombo kwenye tope. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, nayo hayana mwendo wa kukusogeza. Mimi huchagua siku ya 5 au ya 6 ya mwezi mwandamo, na tena ya 19 au ya 20, bamvua linapoanza kulegea. Bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Siku hizo ninazokwambia ni kama saa sita na nusu au saa saba mchana. Basi ingia saa nne na nusu, ukimaliza maji yanayojaa yanakurudisha yenyewe.

Yaache maji yakuchukue polepole. Upepo ukikusukuma haraka, funga ndoo kwa kamba uiburuze nyuma, na kamba ifungwe kwenye tezi (nyuma) au omo (mbele), kamwe isiwe ubavuni, maana mkondo ukiivuta kayaki inapinduka. Mshipi wa mkono, yaani uzi wa kuvulia, unatosha, chubwi (kizito) dogo la kugusa chini tu, ndoana ndogo, na kipande cha ngisi kilichokatwa kirefu chembamba kicheze. Kamba mbichi ni mtamu zaidi kwake, ila changu wadogo watamdonoa akuishie kabla hajafika chini.

Sasa hapa ndipo wengi wanampoteza. Hadonoi, wala hakimbii na chambo. Utahisi uzito tu, kama ndoana imeshika majani. Usivute! Hesabu mpaka tano, kaza mshipi taratibu, ukihisi anatikisa kichwa ndipo uvute. Akifika juu akaona mwanga atapiga mbizi tena kwa nguvu, mpe mshipi. Mwingize kwenye wavu wa mkono kwa kichwa. Ukimnyanyua kwa mshipi mtupu utamwona akirudi kwao. Wako wenye meno makali, usitie kidole mdomoni. Na hakikisha kweli ni gayogayo kabla hujamshika, kwani samaki taa hulala mchanga uleule na mwiba wake si wa mchezo.

Mwaka wangu wa kwanza na kayaki nilikuwa nimepata wawili wakubwa, nikanogewa, nikasahau kutazama ardhi. Nilipoinua macho maji yalikuwa yamenichukua mpaka karibu na mlango wa ghuba, na kafi halikufua dafu. Ngalawa iliyokuwa inarudi ndiyo iliyonivuta. Tangu siku ile nina alama mbili pwani, zikipotea nageuza, hata kama anakula. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, inaingia moja kwa moja kupitia mlango wa ghuba na kuchafua maji, kwa hiyo miezi hiyo toka mapema au usitoke. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, rasi ya Michamvi inakinga kiasi, kaa upande wake.

Kabla ya yote, mwone bwana diko, msimamizi wa diko, mweleze wewe nani na utarudi saa ngapi. Na usikatize mashamba ya mwani. Kamba zile zimefungwa na kina mama mmoja mmoja, kayaki ikizikata umemwondolea mtu kipato chake. Wadogo wa kiganja warudishe.

Upande wa Michamvi mimi nimevua mara chache tu. Ukimpata huko, niandikie alikuwa kwenye mchanga mweupe au ule wa tope, na maji yalikuwa yamebakisha kiasi gani.