Wanaofikiwa na mawimbi si wateja

SWALI: Mhandisi, kuna dalali ananishawishi niweke shilingi milioni 40 kwenye mradi wa redio ya setilaiti ya Afrika Mashariki. Mchanganuo wake unasema Marekani kuna kampuni moja yenye wateja zaidi ya milioni 30 na haina mshindani, na kwamba huku kwetu setilaiti moja itafikia watu milioni 300 bila kujenga mnara hata mmoja. Biashara hii ina mwelekeo? Nianze na vifaa gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Vifaa viache kwanza. Hiyo milioni 300 ndiyo inayonichosha. Michanganuo ya namna hii inazunguka sana, na yote hufunguliwa kwa ramani ileile: duara kubwa limechorwa juu ya bara, halafu wanahesabiwa watu waliomo ndani. Mtu aliye ndani ya duara anaweza kufikiwa na mawimbi. Hajanunua redio, hajalipia mwezi, na wala hajasema amechoka na FM ya bure.

Ramani hiyo imeshajaribiwa hapahapa. WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti aliyoianzisha Noah Samara mwaka 1990, ilirusha setilaiti ya AfriStar Oktoba 1998 na kuiweka juu ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 21 mashariki. Kiufundi ilifanya kazi. Ukiwa Dar es Salaam uliinua antena kama nyuzi 67 kutoka usawa wa ardhi, ukaielekeza magharibi ukipinda kidogo kaskazini, na sauti safi ikaingia. Lakini masafa yake yalikuwa karibu megahezi 1,467 hadi 1,492, na kwa mawimbi hayo paa la bati ni ukuta. Antena ilibidi ikae dirishani au nje, na ukisogea chini ya mwembe sauti inakatika. Redio yenyewe ilikuwa ya aina yake. Ile ya mkulima ya betri mbili haikupokea chochote. Na nafasi angani haikuwa bahari: kila mkondo wa matangazo ulioshuka kutoka setilaiti ulibeba vipande 96 vya data, kila kimoja kilobiti 16 kwa sekunde, na stesheni ya muziki inayosikika vizuri ilikula vinne hadi vinane. Piga hesabu, ni stesheni 12 hadi 24 tu kwa mkondo. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Oktoba 2008, wateja wake wa kulipia wakiwa hawajafika 200,000 katika mabara yote, wengi wao India.

Sasa hiyo Marekani. Zilikuwepo kampuni mbili, XM iliyoanza 2001 na Sirius iliyoanza 2002, zikararuana kwa mikataba ya watangazaji na watengenezaji wa magari hadi zote zikawa zinavuja fedha. Zikaungana Julai 2008, kwa masharti yaliyojumuisha kutopandisha bei ya msingi kwa miaka mitatu. Hata baada ya kubaki peke yake, Sirius XM, ndiyo hiyo kampuni moja ya dalali wako, ilinusurika kufilisika mwanzoni mwa 2009 kwa mkopo wa dola milioni 530 kutoka Liberty Media, kampuni ya Marekani ya vyombo vya habari. Dalali wako anasoma kwamba mshindani hayupo. Kilichokosekana ni setilaiti nyingine tu. Mshindani ni FM, na siku hizi ni simu iliyounganishwa na spika za gari. Ndiyo maana kampuni hiyohiyo iliinunua Pandora, ya muziki wa intaneti, mwaka 2019. Wateja wanaolipa wenyewe walikuwa kama milioni 31 mwishoni mwa 2024, na kila mwezi asilimia 1.6 hivi hukatisha. Hao ni karibu nusu milioni wa kutafutiwa mbadala kila mwezi, ili tu kubaki palepale.

Mbadala hao wanatoka wapi? Kwenye dashibodi. Kipokezi kinafungwa kiwandani, kampuni inachangia gharama yake na kumgawia mtengenezaji wa gari sehemu ya mapato, kisha mnunuzi anapewa miezi michache ya bure. Bila mlango huo biashara nzima ingekufa. Wewe utaingilia mlango gani? Magari yetu mengi yanakuja yameshatumika Japani, na redio zake nyingi zinaishia megahezi 90, hata FM ya mjini haziishiki yote mpaka fundi achomeke kipanua masafa kwenye waya wa antena. Hakuna kiwanda cha kusaini nacho mkataba.

Kuna na ujanja mwingine, na huu umekula fedha za watu wengi, taasisi za dini zikiwemo. Mtu anaahidi "kukuweka kwenye setilaiti", kumbe anakukodishia nafasi ya sauti kwenye setilaiti ya televisheni, masafa ya Ku, yaani yale ya juu yanayotumiwa na madishi ya nyumbani. Hapo msikilizaji anahitaji dishi la sentimita 60 hadi 90 na king'amuzi, amekaa sebuleni, runinga imewashwa. Garini haipo, shambani haipo. Nafasi hiyo ina maana kama unalisha mitambo yako ya FM iliyoko mikoani, na hapo nayo ina masharti yake. Mvua ya masika huikata Ku, kwa hiyo mtamboni weka dishi kubwa kuliko la nyumbani. Weka kitambua ukimya kinachohamia njia ya intaneti sauti ikipotea kwa sekunde 20 hivi. Na ujue kwamba karibu na Machi na Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti na kuzima mapokezi kwa dakika kadhaa, siku kadhaa mfululizo. Fundi asiyelijua hilo atakubadilishia kipokezi kizima bure.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie dalali akuletee vitu vitatu mkononi. Kwanza, jina la setilaiti, nyuzi inapokaa na mkataba wa masafa; kama anasema ataomba masafa mapya, usajili wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia masafa duniani, unampa mwenye masafa hadi miaka saba kuanza kuyatumia, na fedha yako itakaa humo ikisubiri. Pili, barua ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, yenye jina la kampuni yake. Barua ya "mshirika" aliyeko nje haihesabiki. Tatu, redio yenyewe, ikiwa na bei na duka inakouzwa leo. Aiwashe mbele yako, ndani ya gari linalotembea, kutoka Posta hadi Mbezi. Akikuletea kiredio cha WorldSpace kilichofutwa vumbi, huduma yake ilishazimwa zamani.