Nimebadilisha majina ya nyimbo kwa laptopu, mbona simu bado yaonyesha yale ya zamani?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi napiga muziki kwa harusi za wanawake hapa Lamu, zile shughuli za ndani ambazo wanaume hawaingii. Nyimbo ziko kwa laptopu ya Windows, kwa simu yangu, kwa simu ya mdogo wangu ambaye twafanya naye kazi, halafu kuna flashi ya kuchomeka kwa mikisa laptopu ikigoma. Nasinki kwa Syncthing, ile programu ya kufananisha folda kwa vyombo vyote. Nimekaa nikarekebisha kila kitu kwa Mp3tag, programu ya kuandikia nyimbo majina, wasanii, albamu, maana taarabu nyingi nilipewa zikiwa "Track 03" na "Unknown Artist". Sasa kwa simu zingine zimebadilika zingine wapi, mikisa yaonyesha majina nusu, na kibaya zaidi kuna zilizorudi kwa laptopu na majina ya kale, pamoja na mafaili yameandikwa sync-conflict. Nifanyeje yawe sawa kote nisirudie kazi? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam dada. Pole kwa kazi, kurekebisha majina ya nyimbo ni kazi ya kuumiza shingo. Hapo kwako hakuna tatizo moja, kuna kama manne yamerundikana ndo maana yakuchanganya, lakini yote yatoka kwa jambo moja: lile jina uloandika limekaa wapi hasa?

Jina la wimbo laweza kukaa ndani ya faili lenyewe, hiyo ndo twaita tagi, au laweza kukaa kwa orodha ya apu ya muziki pembeni, faili lisijue habari. Ni kama zile kanda za zamani, wewe waandika jina kwa kasha halafu waazima mtu kanda bila kasha, huko lendako halina jina. Kusinki kwabeba faili tu. Nyota unazopa wimbo, pleilisti uloipanga ndani ya apu, hesabu ya wimbo umepigwa mara ngapi, hizo mara nyingi ni za apu na zabaki palepale kwa simu ile. Mp3tag yaandika ndani ya faili kwa hivyo hapo uko sawa, endelea nayo.

Sasa kwa nini zingine zilivuka na zingine zikabaki? Syncthing haifungui kila wimbo kila saa kuusoma, itamaliza betri na siku yako. Yaangalia kwanza ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa mwisho, vikiwa vilevile yapita. Na tagi za MP3 za aina ya ID3v2 zakaa mwanzo wa faili na mara nyingi huachiwa nafasi tupu mbele, ili ukiongeza herufi programu isilazimike kusukuma wimbo mzima, kwa hivyo wabadilisha "Track 03" kuwa jina refu na ukubwa wa faili hausogei hata baiti moja. Ukubwa umebaki. Ikiwa na saa pia imebaki basi Syncthing yaona hakuna kitu kimetokea, na hapo ndo nashuku mchawi wako yuko: Mp3tag ina setingi kwenye Options yaitwa "Preserve file modification time when saving tags". Ikiwa na tiki, ukisevu tagi saa ya faili yaachwa vilevile. Kuna wanaoipenda kwa sababu nyimbo zao wanazipanga kwa tarehe, lakini kwa mtu anayesinki hiyo ni balaa. Toa tiki. Zile zilizovuka huenda zilivuka kwa sababu ulizitia kava, ile picha ya albamu, na picha ikizidi ile nafasi tupu faili lakua, basi likaonekana.

Ukishatoa tiki, teua nyimbo zote halafu bonyeza Ctrl+S, tagi zote zaandikwa upya na saa zasogea, sinki itaziona. Lakini usifanye bado! Soma kwanza mpaka mwisho, kuna uchafu wa kutoa kabla, na kabla ya chochote zima Syncthing kwa vyombo vyote vitatu halafu kopi folda nzima kwa hadi-disiki ya nje uiweke kando. Watu wengi wadhani kusinki ndo bakapu, sivyo kabisa, ukiharibu huku yaharibika kule kote kwa kasi ileile.

Hayo majina nusu ya mikisa. Faili moja la MP3 laweza kubeba tagi za aina tatu kwa pamoja, na kila chombo chasoma inayoijua. Ya kwanza ni ID3v1, ya mwaka 1996, imekaa mwisho wa faili na ni baiti 128 tu kwa jumla, jina la wimbo lapewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, basi. Ukiwa na rekodi umeiita "Kasida za Maulidi Msikiti wa Riyadha" yakatwa yawa "Kasida za Maulidi Msikiti wa R". Mikisa na redio za gari za bei ya chini zingine zasoma hii tu, hapo huna la kufanya ila kuweka jambo muhimu mwanzo wa jina. Ya pili ni ID3v2, hiyo ndo kubwa, simu na laptopu zatumia hiyo. Ya tatu yaitwa APE, na hii ndo fitina, kwa sababu hukuiweka wewe, iliachwa humo na programu ingine zamani na jina la kale limo ndani, basi pleya inayosoma APE yakwambia "Track 03" na wewe waapa uliibadilisha.

Kwa Mp3tag kuna safu yaitwa Tag, itazame, itakuandikia faili lina tagi zipi. Ukiona APEv2 popote, fanya hivi: hakikisha majina unayoyaona kwa skrini ndo sahihi, kwa sababu Mp3tag yenyewe yatanguliza APE ikiikuta, kisha sevu kwa Ctrl+S ukiwa umeweka tiki za kuandika ID3v1 na ID3v2. Halafu rudi Options, sehemu ya Tags, ndani yake Mpeg, pale kwenye Remove acha tiki ya APE peke yake, ondoa za ID3v1 na ID3v2. Sasa teua zile nyimbo ubonyeze Ctrl+R. Nakwambia tena angalia hizo tiki mara mbili, ukiacha zote tatu utafuta majina yote na nisingependa kuwa karibu na wewe wakati huo.

Hapohapo kwenye Write chagua ID3v2.3 UTF-16, hiyo UTF-16 ni namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote. Kuna v2.4 ambayo ni mpya zaidi lakini vyombo vya zamani vyaikataa, v2.3 yasomeka karibu kote. Ukikuta chombo chaonyesha viboksi au hakionyeshi kitu, jaribu ISO-8859-1, namna ya zamani isiyojua herufi za Kiarabu, kwa nyimbo za Kiswahili tu, kasida ulizoziandika majina kwa herufi za Kiarabu usizipeleke huko maana zitageuka alama za kuuliza.

Haya, zile zilizorudi na majina ya kale na sync-conflict. Hiyo ni kwa sababu vyombo vyote vitatu vyaruhusiwa kubadilisha. Wewe warekebisha kwa laptopu, mdogo wako labda yumo kwa boti aenda Mokowe hana mtandao, naye apitisha muda arekebisha uleule wimbo kwa simu yake. Mkikutana nyumbani kwa wifi Syncthing yaona matoleo mawili, lile la saa ya karibuni zaidi lashinda, lingine lapewa jina lenye sync-conflict na tarehe, na kwa pleya ule wimbo watokea mara mbili. Na hii saa ni ile ya simu yenyewe, simu ikiwa saa yake imeenda mbele kwa siku mbili itakuwa yashinda kila mara. Basi angalieni hizo saa.

Dawa ni kuchagua chombo kimoja kiwe ndo cha kurekebishia, kwako ni laptopu. Ndani ya Syncthing, kwa laptopu folda ya nyimbo ipe "Send Only", yaani itume tu, kwa simu zote mbili "Receive Only", yaani zipokee tu. Mdogo wako akichezea jina kwa simu yake halitakuja kukuharibia laptopu, na kwa folda yake patatokea kitufe cha "Revert Local Changes", abonyeze lirudi la kwako. Yeye akiona jina limekosewa akutumie WhatsApp, urekebishe wewe. Najua kuna watu watasema hiyo ni udikteta, lakini nyimbo elfu mbili zikiwa na wahariri wawili ni vita. Hayo mafaili ya sync-conflict yapitie moja moja kabla ya kufuta, huenda lile lenye jina zuri ndo lilishindwa.

Baada ya hapo simu yaweza bado kukuonyesha ya kale hata kama faili limefika lina jina jipya, usipanike. Android ina daftari lake la nyimbo na saa zingine huchelewa kulisasisha. Zima uwashe simu kwanza. Kama pleya yako ina sehemu ya kuskani upya, kama Poweramp, iskani. Ikikataa kabisa ingia Setingi, Apps, onyesha apu za mfumo, tafuta Media Storage, futa data yake kisha washa simu upya. Nyimbo hazifutwi, ila pleilisti zilizo kwa hilo daftari zaweza kupotea, kwa hivyo hiyo iwe ya mwisho.

Kuhusu pleilisti, mimi ningekushauri usizitegemee sana kupanga shughuli. Tumia ile sehemu ya Genre ndani ya tagi, andika "Hina", "Kutoka bibi harusi", "Kasida", "Chakacha", unavyopanga mwenyewe. Hiyo imo ndani ya faili, yaenda na faili popote, simu ya mdogo wako itaipanga sawa na ya kwako.

Na amueni mapema majina ya wasanii yaandikwe vipi. Zein l'Abdin pekee, mtoto wa Lamu mwenyewe, nshamuona kwa laptopu ya mtu mmoja akiwa watu watano: Zein L'Abdin, Zein Abdin, Zein Abidin, Zein Musical Party, na mwingine ambaye kwa macho ni yuleyule ila kile kialama cha juu kimekopiwa mtandaoni kimejikunja, kile cha kibodi kimenyooka, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Tumia cha kibodi siku zote. Kwa zile CD za mchanganyiko jaza Album Artist neno moja kwa nyimbo zote, la sivyo albamu moja yakatikakatika vipande kumi na mbili.

Kava weka ndogo, 500 kwa 500 yatosha. Picha ya MB 1 kwa nyimbo elfu mbili ni karibu GB 2 umezibeba bure kwa kila simu.

Flashi usiisinki, ikopi tu. Vyombo vingi vya flashi havijali tagi vyasoma jina la faili, kwa hivyo tagi zikishakaa sawa kwa Mp3tag bonyeza Alt+1 uandike %artist% - %title%, mafaili yote yajiita upya kutokana na tagi. Fanya hili mara moja na mapema, kwa sababu pleilisti za M3U, zile zilizo faili peke yake, zatafuta wimbo kwa jina la faili, ukibadilisha hazioni tena. Kisha safisha flashi kabisa, ifomati FAT32, uzikope upya zote, ukizikopi juu ya zile za kale utabaki na majina mapya na ya zamani pamoja na kwa harusi utapiga wimbo mmoja mara mbili.